Utani na Ngonjera: Fani Mbili za Umoja wa Taifa katika Mazingira ya Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeuchunguza umoja wa kitaifa hasa kupitia kazi zilizoutangaza waziwazi, kama vile ushairi wa kipindi cha Azimio la Arusha. Makala haya yanaiweka ngonjera, iliyokuwa fani mashuhuri ya kipindi hicho, sambamba na utani, fani ya fasihi simulizi ambayo kwa muda mrefu imeachiwa wanaanthropolojia. Kwa kulichukua eneo la Kariakoo kuwa mahali pa tukio, makala yanadai kwamba fani hizi mbili zimebeba dhana mbili tofauti za umoja. Ngonjera huuchukulia umoja kuwa somo ambalo upande mmoja huufundisha upande mwingine. Utani huuchukulia kuwa deni ambalo kila upande unadaiwa. Makala yanahitimisha kwamba utani si ushahidi wa kutokuwapo kwa ukabila nchini Tanzania, kama inavyosemwa mara nyingi, bali ni mkataba wenye masharti. Masharti hayo yakiondolewa, kinachobaki ni matusi.

1.0 Utangulizi

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na mara nyingi hutajwa kuwa nchi iliyofaulu kuyaunganisha bila ya umwagaji mkubwa wa damu wa kikabila. Sababu zinazotolewa ni tatu: lugha ya Kiswahili, siasa ya Ujamaa na uongozi wa Julius Nyerere. Sababu ya nne hutajwa kwa tabasamu, kana kwamba haihitaji maelezo: Watanzania hutaniana. Mnyamwezi humtania Mzaramo, shabiki wa Simba humtania shabiki wa Yanga, na hakuna anayekasirika. Kauli hii imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama methali, na kama ilivyo kwa methali nyingi, watu huitumia bila ya kuichunguza.

Katika taaluma, utani umechunguzwa zaidi kama muundo wa jamii kuliko kama fani ya lugha. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza kuwa ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumkejeli mwenziwe bila ya mwenziwe huyo kuwa na haki ya kuudhika. Moreau (1944) aliorodhesha makabila ya Tanganyika yanayotaniana, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas alihariri mkusanyiko wa tafiti za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu mada hiyo hiyo. Kwa upande wa fasihi, Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, aliyaweka malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo, pamoja na hotuba, ulumbi na soga. Hatua hiyo ilikuwa muhimu kwa sababu iliutoa utani katika jedwali la makabila na kuuingiza katika sanaa ya lugha. Hata hivyo, nafasi uliyopewa haijatumiwa ipasavyo. Wahakiki wanapotafuta fasihi ya umoja wa taifa, bado hukimbilia maandishi yaliyotungwa kwa lengo hilo.

Makala haya yanauliza swali moja: kila moja kati ya fani hizi mbili inamtaka mshiriki wake afanye nini ili umoja uwepo? Swali hili lina uzito nje ya uhakiki pia. Ikiwa umoja ni hali ambayo taifa tayari linayo, raia hana la kufanya isipokuwa kuisifu. Ikiwa ni kazi inayogawanywa, basi ni lazima ijulikane imegawanywa vipi, nani ana zamu na nani ameachwa nje.

2.0 Kariakoo kama Mahali pa Tukio

Mulokozi (1989) anasisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba mahali na wakati ni sehemu ya tukio hilo sawa na fanani na hadhira. Kwa hiyo, kuueleza utani wa Dar es Salaam bila ya kueleza Kariakoo ni kueleza wimbo bila ya ngoma yake.

Jina la Kariakoo linatokana na Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani Carrier Corps. Wakoloni waliugawa mji kwa misingi ya rangi: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Waafrika waliokusanywa upande wa pili wa uwanja huo hawakuwa kabila moja. Wazaramo, wenyeji wa eneo lililouzunguka mji, walikuwa kundi kubwa zaidi, lakini waliishi pamoja na Wamanyema, Wanyamwezi, Wangoni, Wamatumbi, Waluguru na wengine wengi, mara nyingi chini ya paa moja la nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupanga na ua wa pamoja. Mtu asiyependa kumsikia jirani yake hakuwa na pa kwenda.

Athari ya mchanganyiko huo inasomeka katika majina. Mitaa ya Kariakoo ina majina kama Nyamwezi, Swahili, Kongo, Pemba na Mafia. Jina linalotaja asili ya mtu au mahali pa mbali limegeuka kuwa anwani, na anayesema leo kwamba anakwenda Nyamwezi huenda anakwenda kununua vipuri. Neno “machinga” linasimulia badiliko linalofanana na hilo. Likihusishwa na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, sasa hutumika nchi nzima kumtaja mfanyabiashara mdogo anayetembeza bidhaa au kuzipanga kando ya barabara, awe ametoka Kagera au Mbeya. Katika mifano yote miwili jina la watu linaendelea kuishi, ila maana yake imebadilishwa na shughuli za mji.

Eneo hili ndilo pia lililozaa vyama. Iliffe (1979) anaonyesha kwamba vyama vya kikabila vilivyoanzishwa Dar es Salaam wakati wa ukoloni vilikuwa na kazi kubwa moja, nayo ni kuwazika wafu wao kwa heshima mbali na kwao. Katika eneo hilo hilo ndimo TANU, iliyoanzishwa Julai 1954, ilimokuwa na ofisi yake, katika Mtaa wa New Street ambao sasa unaitwa Lumumba. Bibi Titi Mohamed, Mmatumbi aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, aliwaingiza wanawake wa mji katika TANU kwa kupitia vikundi vya ngoma, ambavyo wanachama wake tayari walikuwa wa makabila mbalimbali. Geiger (1997) ametumia ushahidi huo kudai kwamba wanawake hao hawakusubiri kufundishwa utaifa na viongozi. Waliuleta wenyewe kutoka katika vikundi vyao. Dai hilo linahusu siasa, lakini lina maana katika uhakiki pia. Linaonyesha kwamba fani za mjini zinaweza kuwa na dhana ya umoja kabla ya chama kuitangaza.

3.0 Ngonjera: Umoja kama Somo

Ngonjera kama inavyofahamika leo inahusishwa na Mathias Mnyampala (1917–1969). Maisha ya mtunzi huyu yenyewe ni hoja juu ya umoja. Alikuwa Mgogo na Mkristo kutoka Dodoma, aliyeandika historia na mila za Wagogo (1954) kisha akawa miongoni mwa washairi wakuu wa Kiswahili, sanaa ambayo hapo awali ilihesabiwa kuwa mali ya Waislamu wa pwani. Hakuwa peke yake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alitoka Ujiji na akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, UKUTA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kiliwakutanisha washairi wa bara na wa pwani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Nyerere aliwataka washairi watumie sanaa yao kuieleza siasa mpya kwa wananchi. Ngonjera za UKUTA, zilizochapishwa baada ya kifo cha Mnyampala katika vitabu viwili (1970 na 1971), ni sehemu ya kuitikia wito huo.

Ngonjera ni shairi la majibizano linalotendwa mbele ya hadhira, kwa kawaida na wanafunzi, katika sherehe za shule na za taifa. Pande mbili hupingana. Mmoja huwa na shaka, ujinga au ukaidi. Mwingine huwa na maarifa. Upande wa kwanza huuliza au hukataa, upande wa pili hueleza, na mwishoni wote hukubaliana, mara nyingi kwa ubeti wa pamoja. Mwisho huo wa makubaliano ndio unaoitofautisha ngonjera na majibizano ya kale ya washairi, ambayo yangeweza kuendelea miaka mingi bila ya mmoja kukiri kushindwa.

Wahakiki wengi wameilaumu fani hii kwa kuwa ni propaganda. Lawama hiyo haikosi msingi, lakini haitoshi. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni uhusiano kati ya umbo na hatima. Kwa upande wa umbo, ngonjera ina usawa: mwenye shaka hupewa beti zenye vina na mizani sawa na za mwenye maarifa, husimama jukwaani kwa zamu sawa, na hadhira humsikiliza kwa utulivu ule ule. Kwa muda wa beti kadhaa, shaka huwa na heshima ya kishairi. Kwa upande wa hatima, usawa huo haupo. Kabla ya ubeti wa kwanza kughaniwa, hadhira inajua nani atakubali na nani atakubaliwa. Mwenye shaka amepewa sauti ili aiache.

Dhana ya umoja inayotokana na umbo hili ni ya kielimu. Tofauti kati ya watu huonekana kuwa ni upungufu wa maarifa. Maarifa yakienea, tofauti hukoma. Anayebeba jukumu ni yule anayejua, na wajibu wa mwingine ni kuelewa. Katika mwaka 1970 dhana hii ilikuwa na mantiki yake. Taifa lilikuwa changa, elimu ya watu wazima ilikuwa imepewa kipaumbele, na mtoto wa shule aliyeghani ngonjera mbele ya wazazi wake alikuwa kweli anawafundisha. Haitakuwa haki kuihukumu fani hiyo kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya zama nyingine. Hata hivyo, ngonjera haina jibu kwa tofauti zisizotokana na ujinga. Mzaramo na Mnyamwezi hawatofautiani kwa sababu mmoja wao hajafundishwa. Wakishaelewana kikamilifu, bado watakuwa Mzaramo na Mnyamwezi, na kati ya watu wa namna hiyo mwisho wa makubaliano hauna pa kushika.

4.0 Utani: Umoja kama Deni

Utani huanza pale ambapo ngonjera huishia, yaani katika tofauti isiyotarajiwa kwisha. Uchunguzi wa lugha yake unaweza kuanzia katika sarufi. Nomino “mtani” ni ya uhusiano: hakuna mtu anayeweza kuwa mtani peke yake, kama ambavyo hakuna awezaye kuwa jirani peke yake. Zaidi ya hayo, uhusiano wenyewe ni wa pande mbili zilizo sawa. Anayesema “huyu mtani wangu” amekiri papo hapo kwamba naye ni mtani wa huyo. Neno “mwalimu” halifanyi hivyo. Anayesema “huyu mwalimu wangu” amejitaja kuwa mwanafunzi. Kitenzi nacho hutumika sana katika kauli ya kutendana: watu hutaniana. Kauli ya kutenda, “kumtania mtu”, ipo, lakini inaposimama bila ya matarajio ya jibu huanza kukaribia maana ya kudhihaki. Hivyo basi, tofauti kati ya ngonjera na utani imekwishaonekana katika maneno yenyewe: ngonjera ina mwalimu na mwanafunzi, na utani una watani wawili.

Chanzo cha utani kati ya makabila mengi ni mkutano wa kihistoria, aghalabu vita au biashara. Utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo huhusishwa na misafara ya karne ya 19, ambapo wapagazi kutoka Unyamwezi walipita nchi ya Wazaramo wakielekea pwani. Msafiri alihitaji chakula, maji na usalama. Mwenyeji alihitaji biashara na alikuwa na sababu za kumwogopa mgeni. Utani uliruhusu kila mmoja kuitaja hofu yake kwa sauti. Mnyamwezi alitaniwa kwa mizigo yake na safari zisizokwisha, na Mzaramo kwa kupenda ngoma na kukaa kwake. Kejeli hizi zinaonekana za kawaida, lakini kila moja inabeba kumbukumbu ya uhusiano wa kiuchumi: mmoja alipita na mwingine alibaki. Kwamba makabila hayo mawili yalikuja kuishi pamoja katika eneo lililopewa jina la wapagazi ni bahati ya historia, ila ni bahati inayoeleza mengi.

Tathmini nyingi za utani huishia katika kejeli hizo, na hapo ndipo kosa lilipo. Tukio kuu la utani, katika makabila mengi ya Tanzania, ni msiba. Mtani hufika msibani na kufanya yale ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyafanya. Humwigiza marehemu, sauti yake na mwendo wake. Hudai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Huzuia jeneza au uchimbaji wa kaburi mpaka alipwe chochote. Huchukua kitu cha nyumbani na kukishika rehani. Waliofiwa hucheka katikati ya kilio. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayetazamiwa kushika jembe, kuteka maji, kupika na kuzika. Katika baadhi ya jamii kuna kazi za mazishi ambazo ndugu hawaruhusiwi kuzifanya na ambazo ni za mtani peke yake.

Kwa mtazamo wa kifasihi, maana ya tukio hili ni kwamba kejeli na kazi havitenganishwi. Fanani wa utani hulipa kwa mikono yake kwa kila neno alilolisema. Haki yake ya kutukana haikutokana na ucheshi wake wala na uvumilivu wa mtukanwaji. Imetokana na ukweli kwamba siku ya msiba atakuwapo. Ndiyo sababu uelezaji wa Radcliffe-Brown, unaotilia mkazo ruhusa ya kukosa heshima, unahitaji kupanuliwa unapotumika katika mazingira haya. Ruhusa ni nusu ya kwanza tu ya mkataba.

Utani, kwa hiyo, una dhana ya umoja iliyo tofauti na ile ya ngonjera. Hauhitaji watu wakubaliane. Unawaruhusu wabaki na tofauti zao, wazikuze kwa kutia chumvi, na kuzirudia kizazi baada ya kizazi. Kinachodaiwa ni wajibu unaopokezana: leo wewe umenizika ndugu yangu, kesho mimi nitakuzikia wako. Hakuna ubeti wa mwisho wa pamoja kwa sababu deni halimaliziki. Kila msiba hulipa deni moja na kufungua jingine.

5.0 Utani wa Msimbazi na Jangwani

Aina ya utani inayosikika zaidi Kariakoo leo haihusu makabila. Ni utani wa klabu mbili za mpira wa miguu zilizozaliwa na kukua katika eneo hilo. Young Africans, yaani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake makuu kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani. Simba, iliyotokana na mgawanyiko uliofuata mwaka 1936 na kupitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kubadilishwa mwaka 1971, ina makao yake katika Mtaa wa Msimbazi. Mtu anaweza kutembea kutoka makao ya moja hadi ya nyingine kwa dakika chache. Magazeti ya michezo huziita “watani wa jadi”, na istilahi hiyo ya ukoo imezoeleka hata haionekani tena kuwa sitiari.

Kifani, utani huu umehifadhi mengi. Upo ulinganifu wa pande mbili, kutia chumvi, kumbukumbu ndefu ya matokeo ya zamani, na majina ya kejeli. Yanga huitwa “Vyura”, kwa sababu bonde la Jangwani hufurika maji wakati wa masika. Simba huitwa “Mikia”. Kinachostahili kuzingatiwa ni mahali pa kejeli. Jina “Vyura” limetokana na jiografia ya mji, na kuhusu kabila la shabiki halisemi lolote. Mhaya wa Bukoba ambaye hajawahi kuliona bonde la Msimbazi huitwa chura kwa kuwa ni shabiki wa Yanga, na hulipokea jina hilo kama urithi wake. Ukoo mpya umeundwa ambao mtu huingia kwa kuchagua au kwa kurithi kutoka kwa mzazi, na makabila yote yamo katika kila upande. Kwa namna hiyo Kariakoo imelipatia taifa zima mstari wa mgawanyiko usiofuata mipaka ya makabila, dini wala mikoa. Mchango huo si mdogo katika nchi yenye makabila mengi.

Hata hivyo, nusu ya pili ya mkataba imedhoofika. Wapo mashabiki wa klabu hizi wanaozikana na kuchangiana, hasa wanapokuwa majirani au wafanyakazi wa sehemu moja. Lakini wajibu huo hutokana na ujirani wao. Kanuni ya utani wa klabu haiwadai chochote. Hakuna kazi ya mazishi ambayo shabiki wa Simba pekee ndiye mwenye haki ya kuifanya katika msiba wa shabiki wa Yanga. Utani ulipohamia katika vituo vya redio na mitandao ya kijamii, wataniaji wakawa hawajuani kabisa. Neno hutupwa na asiyejulikana kwa asiyejulikana, na hakuna siku watakayokutana penye jembe. Ucheshi unaweza kuwa mkubwa zaidi kuliko wa watani wa kale, deni halipo. Umbo la fani limebaki wakati uwajibikaji uliolibeba umepungua.

6.0 Mipaka ya Mkataba

Kuusifu utani bila ya kutaja mipaka yake kutakuwa ni kurudia kosa lile lile la kuugeuza methali. Mipaka mitatu inajitokeza wazi.

Mpaka wa kwanza ni wa wale wasio na mtani. Mtandao wa utani ulikua kutokana na misafara, vita na ujirani wa Waafrika. Watanzania wenye asili ya Kiasia, ambao maduka yao yamekuwa sehemu ya maisha ya Uhindini na Kariakoo kwa vizazi kadhaa, kwa kiasi kikubwa walibaki nje yake. Walikutana na wakazi wengine kaunta kila siku, ila hawakukutana nao kaburini. Brennan (2012) ameonyesha jinsi dhana yenyewe ya “taifa” ilivyobeba maana ya rangi katika siasa za Dar es Salaam, na sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliwagusa hasa wamiliki wa jamii hiyo. Maneno ya kejeli dhidi yao yalikuwapo, nayo yalifanana na utani. Kwa kigezo cha makala haya, hayakuwa utani, kwa sababu hapakuwa na upande wa pili uliokuwa na haki ya kujibu wala wajibu wa kuzikana.

Mpaka wa pili ni wa madaraka. Kiongozi anapolitania kabila la wasikilizaji wake jukwaani, watu hucheka na vyombo vya habari huripoti kwamba ametania. Swali la kihakiki ni jepesi: je, msikilizaji anaweza kumjibu kwa maneno ya uzito ule ule na kurudi nyumbani salama? Ikiwa hawezi, kauli ya kutendana imegeuka kuwa kauli ya kutenda. Pale mwenye nguvu anapokuwa mtaniaji peke yake, utani huwa umekwishageuka ngonjera: mmoja anasema, mwingine anakubali.

Mpaka wa tatu unaonekana kwa kulinganisha na Kenya. Vijana wa mijini nchini humo wana mchongoano, mashindano ya kukejeliana kwa Sheng yenye ufundi mkubwa wa kutia chumvi. Fani hiyo nayo huwavusha vijana mipaka ya makabila, lakini haina mazishi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, nchi hiyo ilitunga sheria ya mwaka 2008 iliyounda Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano na kuharamisha kauli za chuki za kikabila. Sheria inaweza kuzuia neno baya. Haiwezi kumfanya mtu adaiwe na jirani yake. Ulinganishi huu hauthibitishi kwamba Watanzania ni wema kuliko Wakenya. Unaonyesha tu kwamba kejeli kwa yenyewe haijengi wala haibomoi. Inategemea imefungwa na wajibu gani. Tanzania ambayo utani wake umepoteza wajibu itakuwa na kejeli kama nchi nyingine yoyote, bila ya kinga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ngonjera na utani ni nadharia mbili za umoja zilizobebwa na umbo la kifasihi. Ngonjera ilimpa mwenye shaka sauti sawa na hatima iliyopangwa. Iliufanya umoja kuwa maarifa ya kugawiwa. Utani uliwaacha watu na tofauti zao na kuwafunga kwa deni la kuzikana. Katika mazingira ya Kariakoo, utani uliondoka katika makabila na kuingia katika mitaa na klabu, ukapata upana wa kitaifa, na papo hapo ukapoteza sehemu ya uwajibikaji wake.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wafanyabiashara na wapita njia walikuwa miongoni mwa waliojitosa kuwaokoa waliofukiwa. Kitendo kama hicho hakina haja ya kuitwa utani, wala kabila au klabu ya aliyefukiwa haikuwa swali. Lakini kinakumbusha nusu ya mkataba ambayo maneno peke yake hayawezi kuibeba. Wahakiki wanaoutafuta umoja wa taifa katika fasihi simulizi wana wajibu wa kuandika, pamoja na neno lililosemwa, jina la aliyeshika jembe. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu misiba ya mijini, ambako makampuni na kamati za mazishi zinachukua kazi zilizokuwa za watani. Iwapo mtani atabaki na kejeli peke yake, itafaa kujulikana ni nani aliyelirithi deni lake.